Jibu la Kijiji

Ipagala, Dodoma
9 Julai 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Ninakuandikia barua kwa sababu ulinikataza kusema mambo ya maana kwenye simu. Ulisema simu ya kijijini husikilizwa na kila anayesubiri kuchaji ya kwake. Hii ataileta Romani, kondakta wa basi la Chemba.

Nimepata kazi. Ni ya mkataba wa miezi mitatu, kazi ya udadisi: kupita nyumba kwa nyumba na kuwauliza watu wanaamini nini na wanathamini nini, na wapi vijana wametofautiana na wazee wao. Shirika linauliza hivyo mikoa mingi, ili ijulikane Watanzania wanabadilika vipi kutoka kizazi hadi kizazi. Walipogawa vijiji niliomba cha kwetu. Msimamizi wetu, Bwana Gideoni, alisita. Alisema mtu hafanyi udadisi kwao. Nikamjibu kwamba kwetu watu watanifungulia mlango, kwa sababu mimi ni mtoto wa Khamisi na nimelelewa na Abubakari. Akakubali. Amesema kazi yangu ikiwa safi, atanichukua niwe msimamizi msaidizi, ajira ya kudumu.

Unajua nimekaa muda gani tangu chuo nikikaanga maandazi ya kuuza mlangoni kwa mwenye nyumba. Hii ndiyo nafasi yangu.

Nakuomba uwaambie watu kwamba nitafika mwanzoni mwa Agosti. Na ujue kwamba kila mtu ataulizwa peke yake, na jibu lake ni siri. Linaingia kwenye kishikwambi, halitoki na jina. Hata wewe hutajua Mama mkubwa kajibu nini, wala yeye hatajua lako.

Msalimie sana. Mwambie uji wake wa uwele ninauota.

Mwanao,
Asma Khamisi


Kijijini, Chemba
16 Julai 2024

Mwanangu Asma, marahaba.

Barua yako imefika tarehe 12, nikaiandika kwenye shajara siku hiyo hiyo. Tangu nilipomaliza kidato cha nne sijaacha kuandika shajara, na kurasa zenye habari njema naweza kuzipata bila kutafuta sana, maana si nyingi. Huu ni mmojawapo. Marehemu baba yako angekuwapo, angechinja.

Kuhusu watu, usiwe na wasiwasi. Nimeshaongea na mwenyekiti. Utakuta kila kitu kimeandaliwa.

Nina ombi moja. Watu wetu hawajazoea kuulizwa ghafla. Wengine Kiswahili chao ni cha mnadani, wakirudi nyumbani ni Kirangi tu. Mtu akishtukizwa na swali gumu atababaika, nawe utaonekana umezaliwa na watu wasiojua kuongea. Nitumie maswali machache niyaone.

Mama yako mkubwa nilipomsomea barua alicheka, akasema, "Aje aulize. Mimi majibu ninayo tangu zamani, aliyekosekana ni muulizaji." Unamjua kwa utani wake.

Baba yako mkubwa,
Abubakari Hamidu


Ipagala, Dodoma
21 Julai 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Hairuhusiwi kutoa maswali, lakini wewe si mtu wa nje. Haya ni matatu, kwa macho yako tu.

Je, watu wengi wanaaminika, au ni lazima mtu awe mwangalifu nao?
Mtoto afundishwe zaidi kutii, au kujiamulia?
Nani anafaa kumchagulia msichana mume?

Baada ya kila jibu tunauliza, "Kwa nini?" Hakuna jibu sahihi wala kosa. Kila mtu aseme la moyoni mwake.

Nakuja Jumatatu ya kwanza ya Agosti.

Asma


Ipagala, Dodoma
29 Agosti 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Sijui nianze wapi, kwa hiyo nitaanza na leo asubuhi.

Bwana Gideoni alituita wadadisi wote ofisini. Akawasha ile skrini kubwa ya ukutani na kuweka vijiji vyetu kimoja kimoja. Kijiji cha mwenzangu Editha kilionekana kama kanga, rangi kila mahali, kwa kuwa watu wake walijibu kila namna. Kilipofika cha kwetu, skrini karibu nzima ikawa rangi moja.

Wenzangu walicheka kwanza. Gideoni hakucheka. Akasoma kwa sauti. Watu wengi wanaaminika? Ndiyo. Kwa nini? "Kidole kimoja hakivunji chawa." Nyumba ya pili: ndiyo, kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba ya tatu hivyo hivyo. Aliposoma chawa wa nyumba ya saba, Editha aliinamisha kichwa kunionea aibu.

"Dada Asma," akasema mbele ya wote, "kazi yetu yote ni kuona vizazi vinavyotofautiana. Wewe umeniletea bibi wa miaka sabini na kijana wa bodaboda wanaojibu neno kwa neno. Ulikaa chini ya kivuli ukajijibu mwenyewe."

Nikamwambia niliingia kila nyumba. Akasema, "Basi niambie, nani aliwafundisha?" Ningesema nini, Baba mkubwa? Maswali niliyatoa mimi, kwa mkono wangu.

Mkataba wangu umevunjwa. Jina langu limeandikwa kwenye kundi la simu la wadadisi wa kanda nzima kwamba ninapika takwimu. Hakuna atakayenipa kazi hii tena.

Kule kijijini niliyasikia majibu yakifanana, lakini sikushtuka. Nilijisikia fahari! Nilidhani nimetoka kwa watu wenye msimamo. Hata Mzee Suleiman, ambaye mbuzi wake waliibwa na shemeji yake mwenyewe, alinitazama usoni akasema watu wanaaminika. Kijiji kizima, isipokuwa mtu mmoja tu. Huyo mmoja ndiye pekee aliyeniheshimu kwa kuniambia la moyoni.

Nilikuomba uwaandae kunipokea. Mliandaana kunidanganya. Ulifanya nini na maswali yangu?

Asma Khamisi


Kijijini, Chemba
8 Septemba 2024

Asma, marahaba.

Barua yako niliisoma, nikaiweka siku mbili, nikaisoma tena. Sasa nakujibu kwa utaratibu.

Ndiyo, tulikaa kikao. Shajara inasema: Ijumaa, 26 Julai, baada ya sala, kwenye godauni la ushirika, wazee, akina mama na vijana, Waislamu na Wakristo. Nilisoma yale maswali matatu. Tulibishana sana. Mzee Suleiman alisema, "Watu wanaaminika, isipokuwa madalali wa ng'ombe." Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Tukakubaliana madalali tuwaache, maana wao hawakuulizwa. Kijana mmoja wa bodaboda alitaka msichana ajichagulie mume. Akasikilizwa, akajibiwa, akakubali. Maswali mengine uliyokuja nayo hatukuyajua, lakini tuliagizana kwamba pasipojulikana, mtu ajibu kama baba wa nyumba alivyojibu. Hakuna aliyelazimishwa. Baada ya hapo jibu likawa moja, la kijiji. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mgeni hapewi migogoro ya ndani, hupewa kauli.

Wewe unaita uongo. Ngoja nikueleze kitu ambacho hukufundishwa chuoni.

Mwaka 1974 nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Alikuja bwana mmoja mwenye kalamu na maneno mazuri. Aliingia nyumba kwa nyumba, akamuuliza kila mtu peke yake, mlango umefungwa: "Nani hapa hataki kuhamia kijiji kipya?" Alisema ni siri. Babu yako alimwambia ukweli, kwamba hataki kwa sababu mizinga yake ya nyuki iko mlimani na nyuki hawahamishwi kwa amri. Jirani yetu naye akamtaja, kwa siri vilevile. Wiki iliyofuata paa letu ndilo lililowaka kwanza. Tangu hapo kijiji hiki kikajifunza: anayekuuliza peke yako anataka kukutenga na wenzako. Tuliahidiana kutojibu tena mmoja mmoja.

Sasa ukaja wewe, mtoto wetu, na kalamu ya kioo, ukafunga milango ile ile.

Aliyesalitiwa ni nani? Ulikaa na mke wangu chumbani kwangu. Alitoka na macho mekundu. Tangu siku ile ananipakulia chakula kama mpangaji. Na sasa umeandika kwamba mtu mmoja hakufuata kauli. Nimewauliza wote, mmoja baada ya mwingine. Kila mtu amesema alijibu tulivyokubaliana. Mama yako mkubwa peke yake ndiye aliyeendelea kupepeta uwele bila kunijibu.

Kazi yako inaweza kurudi. Nitakuja Dodoma na mwenyekiti na Mzee Suleiman, tusimame mbele ya huyo Gideoni, tuseme kikao kilikuwepo na wewe hukupika kitu. Wamekubali. Lakini kabla sijapanda basi, niambie jambo moja. Mama yako mkubwa, Sikudhani, alisema nini?

Abubakari Hamidu


Ipagala, Dodoma
15 Septemba 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Habari ya paa la babu sikuijua. Ungenieleza mapema ningeelewa, na labda nisingekiomba kijiji chetu kamwe. Inaniuma kwamba ulimweka mwanao kwenye kiti cha yule bwana wa mwaka sabini na nne, ukanipikia jibu kama alivyostahili yeye, kisha ukaniaga stendi kwa kunipa kuku.

Na kuna jambo linalonichekesha kwa uchungu. Mlikubaliana wote kusema kwamba watu wanaaminika, kwa sababu hamkuniamini.

Uliloniuliza sitakujibu. Nilimwahidi Mama mkubwa, na mlango tuliufunga kwa sababu hiyo. Nakuomba sana, usimuulize. Kule kuandika "mtu mmoja" nilikosea. Niliandika nikiwa na hasira, sikufikiri kwamba utawapitia watu kama mwalimu anayetafuta aliyepiga mluzi darasani.

Nimemweleza Gideoni habari ya kikao, naye amesema atafika mwenyewe kijijini kuhakiki, kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na Editha. Kwa hiyo huna haja ya kupanda basi. Atawauliza kama kulikuwa na kikao. Semeni ndiyo. Ni hilo tu. Sikuombi kitu kingine tena maishani. Kama malezi yako kwangu yalikuwa ya kweli, utasema ndiyo.

Mwanao,
Asma


Kijijini, Chemba
6 Oktoba 2024

Asma.

Nakuandikia yaliyotokea, kwa mpangilio wake.

Ijumaa tarehe 20 Septemba niliita watu godauni. Niliuliza nani alivunja kauli. Najua uliniomba nisiulize. Lakini kauli ikivunjwa na asijulikane aliyeivunja, kila mtu anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, na hicho hakiwi tena kijiji. Nilidhani atanyamaza kama alivyonyamaza nyumbani.

Alisimama. Hakusubiri kupewa nafasi. Alisema, "Ni mimi. Niliulizwa kama watu wanaaminika, nikasema hapana. Nikaulizwa kwa nini, nikasema: mume wangu aliniahidi, tukiwa wawili, kwamba binti yetu Shamila ataendelea na shule. Kisha ukoo ukakaa, ukatoa kauli moja kwamba Shamila aolewe. Mume wangu akaitunza kauli ya ukoo, akaitupa ya kwangu. Na nilipolia, mliniambia kidole kimoja hakivunji chawa."

Mzee Suleiman akajaribu utani, akasema, "Shemeji, na wale madalali nao wameingia?" Hakuna aliyecheka.

Mbele ya watu wote, Asma. Miaka yote hiyo hakuniambia hata neno, kumbe alikuwa anamsubiri mtu wa kumuuliza mlango ukiwa umefungwa. Mimi nilijua amesahau. Shamila ana watoto, ana shamba lake la alizeti Mlali, mume wake si mlevi. Nilihesabu kwamba tulifanya vizuri.

Tarehe 24 alikuja Gideoni na yule binti Editha. Kabla hawajafika, mwenyekiti alituita. Alisema tukikiri kikao, itaandikwa mahali kwamba kijiji chetu kinadanganya watafiti, na kesho tukiomba kisima au zahanati tutajibiwa kwa hilo. Watu wakaongea, kila mtu kwa zamu yake. Mwisho tukakubaliana kwamba hapakuwa na kikao.

Nilipinga. Nataka ulijue hilo. Nilipinga ndani, kama inavyotakiwa, nikashindwa.

Gideoni aliuliza, mwenyekiti akajibu, wazee wakajibu. Kisha akanigeukia mimi. "Mzee, wewe ndiye mlezi wake. Kikao kilikuwepo?" Nikamwambia hakikuwepo.

Mama yako mkubwa alikuwa mlangoni, amebeba ndoo ya maji. Alinisikia. Kesho yake alifunga nguo zake kwenye kitenge akaondoka na basi la Romani kwenda Mlali kwa Shamila. Hakugombana nami. Aliniachia mboga ya mlenda iliyokaushwa, ya kunitosha mpaka mvua.

Sina la kukuomba. Uliniuliza kama malezi yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya kweli, na nilisema hakikuwepo. Vyote viwili viko kwenye shajara, kurasa tofauti, na sijui namna ya kuvisoma pamoja.

Sasa nyumba hii ina kauli moja tu, ya kwangu. Naisikia vizuri sana.

Abubakari Hamidu


Mlali, Kongwa
20 Oktoba 2024

Asma,

Anayeandika ni Shamila, maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze wala asiongeze.

Barua yako ya kuomba radhi ilifika. Unasema ulikosea neno moja. Sawa. Mimi nakueleza hilo neno lilinifanya nini.

Siku ile ulipofunga mlango wa chumba, uliniambia, "Mama mkubwa, hili halitoki humu." Ukakigusa kile kioo chako cha kuandikia kwa kidole kunionyesha. Nikakuamini, mimi niliyetoka kukujibu kwamba watu hawaaminiki. Nilikuambia nilichokuona ukikiandika, na hata kile ambacho hukukiandika. Nilikupa kwa sababu ni wewe. Angekuja yule Editha ningempa chawa kama wengine.

Kile kioo kilitunza. Kweli, hakikutoa kitu. Wewe ndiye uliyetoa, kwa kalamu, ukampelekea mtu mmoja ambaye hakupaswa kujua. Uliponisifu kwamba nilikuheshimu, ulikuwa unaninyooshea kidole.

Baba yako mkubwa simlaumu kwa kuuliza. Yeye na wenzake wanajulikana walivyo. Ukikaa nao unajua ng'ombe atageuka upande gani. Wewe nilidhani ni wa namna nyingine. Ulikuja na maneno mapya, siri ya mtu, haki ya mtu kujisemea. Nikasema moyoni, hatimaye kimekuja kizazi ambacho mtu akikipa neno lake kinalishika. Kumbe mnatofautiana na hawa katika namna ya kuuliza tu.

Sasa sikiliza la kazi yako. Basi la kutoka Chemba linafika Dodoma, na la Kongwa linaondoka baadaye. Katikati hapo nilikuwa na muda. Nilikwenda mpaka ile ofisi. Mlinzi aliniuliza, "Mama, umetumwa na nani?" Nikamwambia sijatumwa, ndiyo maana nimechelewa maishani. Akacheka akanifungulia.

Huyo Gideoni ni mtu wa adabu. Alinipa kiti na chai. Nikamwambia kikao kilikuwepo, nami nilikuwepo, nilikaa karibu na magunia. Nikamtajia waliosema na walichosema, mpaka habari ya madalali. Nikamwambia huyu binti hakujijibu, aliingia kila nyumba, jua lilimchoma mpaka pua ikabambuka, na kwangu alikunywa uji.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, ninakuamini. Lakini kijiji kizima kimesema hapana, na wewe uko peke yako. Kwa kazi yetu mtu mmoja hatoshi."

Nikamwambia najua. Hilo nimeambiwa na watu wasio na kompyuta.

Kazi yako sidhani kama itarudi. Nilisema kwa sababu ni kweli, siyo kwa sababu ya mambo yetu mimi na wewe. Toka pale nilipita kwenye mtaa wako. Niliiona nguo yako nyekundu kwenye kamba na lile karai la maandazi mlangoni. Sikubisha hodi.

Umeandika kwamba unataka kuja Mlali mwezi wa kumi na mbili. Shamila anasema uje. Yeye kwake ni kwake, anaweza kumkaribisha amtakaye, na watoto wake wanakuulizia. Mimi siku hizo nitakuwa shambani.

Kabla sijaondoka pale ofisini, Gideoni alichukua karatasi. Akaniuliza kama aliandike jina langu au alifiche. Nikamwambia aliandike, lote, kwa herufi kubwa. Mara ya kwanza lilifichwa, na kijiji kizima kikalijua.

Sikudhani Masudi